Masalio ya Chumba cha Kutwangia

Jumatatu, 4 Machi

Baada ya siku tano za jua, mvua imerudi tangu alfajiri. Faili za kundi la kwanza la sampuli zimerudi kutoka kwenye ile mashine kubwa ya mviringo, nchi ya mbali, ambako matope ya visima vyetu hupigwa mionzi. Mkurugenzi, niliyemfundisha zamani na ambaye hadi leo huweka mkato mahali pa nukta, anataka ripoti kabla ya mvua kukatika.

Naieleza hapa kazi yenyewe, kwa sababu jambo nisiloweza kuliandika kwa maneno ya kawaida siamini kwamba nimelielewa. Aseniki ni sumu, lakini ina namna nyingi, na kila namna huinyonya mionzi kwa mtindo wake: mchoro hupanda ghafla, hufika kileleni, kisha hutelemka kwa mawimbi. Kabatini tuna michoro ya namna tunazozijua. Hizo tunaziita rejea. Tope huwa na namna kadhaa zilizochanganyika. Nazichukua rejea, nazichanganya kwa sehemu, hii zaidi, hii kidogo, mpaka mchanganyiko wangu ulale juu ya mchoro wa tope. Kisha natoa kimoja kwa kingine. Kinachobaki ni masalio. Masalio mema ni mstari mlalo unaotetemeka kidogo, usiokuwa na umbo.

Alhamisi, 7 Machi

Masalio yana umbo. Kuna nundu mara baada ya kupanda, bonde, kisha nundu ndogo. Ulinganisho ukiharibika, kila tope huharibika kwa namna yake. Haya ya leo yanafanana katika visima vitatu ambavyo havijuani.

Jumanne, 12 Machi

Nimeanza na makosa ya kawaida, kama inavyopasa. Kwanza nishati: mchoro uliosogea hata kidogo tu huzua nundu za uongo. Karatasi ya dhahabu hupimwa pamoja na kila tope, kwa kuwa dhahabu hupanda karibu na mahali inapopandia aseniki, na kwayo tunajua kama kipimo kimesogea. Hakikusogea. Nikarudia kusawazisha michoro, kabla ya kilele na baada yake. Umbo likabaki palepale.

Kompyuta imenipa sehemu zinazojumlika kuwa zaidi ya kitu kizima, na mojawapo ni hasi. Sehemu hasi ni upuuzi. Hakuna tope linalodaiwa kitu ambacho halikuwa nacho.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda chumba cha pili kumwona Mtwanga. Jina lake la kazi ni fundi sampuli, lakini tangu aajiriwe hakuna aliyemwita hivyo. Kutwa anatwanga matope kwenye kinu cha jiwe, anayachanganya na unga mweupe, kisha anayakandamiza yawe vidonge. Mchi wake nausikia kupitia ukutani: ko, ko, ko.

Leo nimemkuta amekaa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Mbona kinu kimelala?”

“Kinapumzika. Na mimi nikaona nisikiachie upweke.”

Sikucheka. Nilimwuliza kama huosha kinu baina ya tope na tope. Akasema huosha mara mbili. Nikamwuliza mbona kopo la unga liko wazi rafuni. Akasema kifuniko hakifungi mvua ikianza, na akijaribu kukikaza kinapasuka. Hayo ni majibu ya mtu mvivu.

Chumba kinanuka kitunguu saumu. Nikamwambia maabara si jiko.

“Mwalimu, na mke wangu ananiuliza hivyohivyo. Ananinusa kama askari wa mpakani. Saumu yenyewe sijaila tangu mwezi uliopita.”

Ukuta ulio nyuma ya rafu umeanza kuvimba kwa unyevu. Chokaa nyeupe imebanduka mahali kama upana wa sahani, na chini yake kuna rangi ya kijani iliyoiva, kijani cha jani changa. Ni rangi nzuri. Nilijikuta nimesimama nikiitazama bila sababu.

Jumatano, 20 Machi

Mkurugenzi amekuja ofisini mwangu na chai yake.

“Mwalimu wangu, hayo masalio yanatuchelewesha. Si uongeze rejea mbili tatu hapo, mchoro ukae?”

“Utakaa.”

“Basi!”

“Ukiniruhusu rejea ishirini, hata sahihi yako nitaifanya ikae, na haisomeki.”

Akacheka, akanywa chai, akasema zile sampuli mbaya tunaweza kuziacha nje. Nikamwuliza tunaziacha nje kwa sababu gani. Akasema, kwa sababu ni mbaya. Nilimpa alama za juu mtu huyu.

Jumatatu, 25 Machi

Kundi la pili limerudi. Umbo ni lilelile, ila limekua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua kutwa. Mtwanga hakuja.

Jumanne, 2 Aprili

Amekuja, amechelewa, anatembea kama mtu anayepita juu ya mayai. Nilimgombeza. Nilimwambia kwamba kuna kitu kinaingia katika sampuli zetu zote, kwamba sampuli zote hupita mikononi mwake, na kwamba ajumlishe mwenyewe. Hakubisha. Alitazama viganja vyake, vikavu na vyenye vinundu kama mahindi ya kuchoma, akasema:

“Labda ni kweli, Mwalimu. Siku hizi hata nikishika mchi siusikii. Miguu nayo imekufa ganzi. Juzi kandambili ilinitoka njiani, nikaenda nayo mguu mmoja mpaka dukani ndipo watu wakaniambia.”

“Nenda kwa daktari.”

“Nimekwenda. Kasema tumbo.”

Ile sahani ya kijani sasa ni kubwa kama sinia. Alikuwa anapangusa mezani vigamba vilivyodondoka, kwa kiganja kitupu, kisha akapuliza.

Nyumbani nilimweleza mdogo wangu, aliyekuwa mwuguzi na ambaye kustaafu hakujampunguzia ulimi. Nilisema kwamba mtu yule ni mzembe, tena siku hizi ananuka.

“Dada,” akasema, “huyo mtu anaumwa, na wewe unamsahihisha.”

Ijumaa, 5 Aprili

Kuna hesabu ambayo huitazama michoro yote kwa pamoja na kusema imejengwa kwa vitu vingapi, bila kusema ni vitu gani. Mimi nilikuwa natumia rejea tatu. Hesabu imesema vinne.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ndivyo hasa inavyokuwa hapa. Kitu kisichokuwa na rejea kabatini hakipewi fungu. Fungu lake hugawiwa waliopo, na ndiyo maana sehemu zangu zimezidi na nyingine imekuwa hasi. Asiyekuwapo anakula kupitia sahani za wenzake.

Nimejaribu rejea zote za kabatini, mojamoja. Siye huyu, wala huyu, wala huyu.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimemwona asiyekuwapo, peke yake.

Nilichukua tope lenye masalio makubwa kuliko yote. Tope la kisima kilekile lilikuwa limetwangwa pia mwanzoni mwa mwezi wa pili, kabla ya mvua, na masalio yake yalikuwa madogo. Nikatoa mchoro wa mwanzo kutoka kwa ule wa mwisho, kidogo kidogo, kama mtu anayemvua mgeni koti. Nilipofika karibu na nusu, mawimbi ya tope yalitoweka, na kikabaki kitu kimoja safi, chenye kilele chake na mabonde yake. Si takataka za hesabu. Ni maada kamili iliyoko mahali fulani duniani. Nilitazama nyuma yangu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nyuma yangu pana ukuta tu.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu mwanzo. Nilikuwa nimepanga sampuli kwa visima, kisha kwa vina, kama kitabu kinavyoagiza, na kwa mpangilio huo umbo lile linarukaruka bila utaratibu. Kisima kirefu linalo, kifupi linalo. Kisima cha mlimani, kisicho na aseniki ya kutajika, ndicho kimezidi vyote. Nikavunja mpangilio, nikazipanga upya kwa tarehe ya kutwangwa.

Likapanda kama ngazi. Kabla ya mvua, karibu hakuna. Wiki ya kwanza ya mvua, kidogo. Kisha zaidi, kisha zaidi. Siku zile tano za jua za mwisho wa Februari, limepungua. Mvua iliporudi, likapanda tena.

Kwa hiyo halimo visimani. Mvua inanyesha kwetu, nalo linakua kwetu.

Nimewaza kumwita Mtwanga nimwulize kama kuna kitu anatia makusudi. Naandika hapa kwamba niliwaza hivyo. Kisha nikakumbuka viganja vyake, nikaketi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeamua kupeleka kidonge kitupu: unga mweupe pekee, bila tope. Unga huu ni nyuzi za mmea zilizosagwa. Hauna aseniki, na mionzi ikiupiga inapaswa kurudisha mstari mlalo.

Mkurugenzi amesema, “Mwalimu, tulipie safari ya kwenda ng’ambo kupima hewa?”

“Tulipie.”

“Watatucheka.”

“Wacheke. Kicheko hakina masalio.”

Mtwanga alikitengeneza mwenyewe. Vidole havikushika vizuri, nikamshikia chuma cha kukandamizia. Alikuwa na mistari myeupe kwenye kucha, mstari mmoja kila kucha, ule wa kukata kutoka upande hadi upande. Alisema mwanawe anamwambia amepigwa chapa.

Tulipokuwa tukisubiri kidonge kikauke, alisema polepole, bila mzaha:

“Mwalimu, hiki chumba kinapumua. Ukikaa kimya utasikia. Si upepo.”

Nilikaa kimya. Nilisikia mvua. Harufu ya saumu ilikuja, ikaondoka, ikaja.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili

Mtwanga ameanguka getini asubuhi. Mlinzi na mimi tumempandisha kwenye gari. Uzito wake ni wa mtoto. Hospitali wameandika vidonda vya tumbo na upungufu wa damu, wamempa maji ya mshipa. Mkewe alinishika mkono, akaniambia: “Mama, mimi nimemzoea akija na tope. Sasa anakuja na kitu sikijui.”

Jumatano, 24 Aprili

Nilikuwa mezani nikisoma. Nikausikia mchi.

Ko. Ko. Ko.

Mtwanga yuko wodini, na funguo za chumba chake ninazo mimi. Nilisikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu na elimu yangu. Nikafungua. Hapakuwa na mtu. Dari inavuja, na tone lilikuwa likiangukia ndani ya kinu chake kitupu, mahali palepale panapogonga mchi. Nilikisogeza. Sauti ikaisha.

Kijani kimefika sakafuni. Juu yake kumeota ukungu, mweupe, laini kama manyoya ya kifaranga, nao unafuata rangi. Penye chokaa haumo. Kopo la unga liko chini yake.

Jumanne, 30 Aprili

Faili ya kidonge kitupu imefika saa nne asubuhi.

Si mstari mlalo. Inapanda, inafika kileleni, inashuka kwenye bonde, nundu ndogo. Niliweka juu yake lile umbo nililolivua tarehe tisa. Vikalala pamoja kama viganja viwili. Tumepima kisicho na kitu, nacho kimeitika.

Sikukaa kitini. Nilikwenda chumbani, nikamimina unga kwenye karatasi nyeusi, nikautazama kwa kioo cha kukuzia. Katika weupe kulikuwa na chembe za kijani, chache, safi, kama mbegu. Nikainua macho ukutani.

Zamani ilikuwepo rangi iliyotengenezwa kwa shaba na aseniki. Ilipendwa kwa uzuri wake, na ilipakwa pia penye wadudu, kwa kuwa iliwaua. Ikipata unyevu, ukungu huila, na ukiila hutoa hewa yenye sumu inayonuka saumu. Hayo nimeyajua miaka mingi. Niliyasoma, nikayafundisha, nikawapa watu mtihani. Kisha nikaingia katika chumba chenye ukuta wa kijani, chenye ukungu, kinachonuka saumu, nikamwambia mgonjwa kwamba maabara si jiko.

Nilifika hospitali nimelowa. Daktari wa zamu, binti mwenye macho ya usingizi, alinitazama mimi na karatasi yangu yenye michoro.

“Mama, huu ni nini?”

“Ni ukuta wa chumba anachofanyia kazi mgonjwa wako. Ameula na kuuvuta tangu mvua zianze. Mpime aseniki kwenye mkojo, leo.”

“Tumeshampima vidonda—”

“Mwanangu, mtazame viganja. Mtazame kucha. Mnuse.”

Akaenda. Nilimwona kupitia mlangoni akiinama juu ya kitanda, akiugeuza mkono wa Mtwanga kwenye mwanga. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akatoka mbio, na usingizi haukuwamo tena machoni.

Jumatatu, 6 Mei

Mkojo umejibu. Sumu ilikuwa nyingi kiasi kwamba daktari alirudia kipimo. Wameanza kumpa dawa ya kuivuta itoke mwilini. Wangechelewa wiki moja, anasema, angekuwa… Hakuimalizia sentensi hiyo nami sikumtaka aimalizie.

Mkurugenzi ameulizia historia ya jengo. Kabla ya kuwa maabara lilikuwa ghala la ngozi, na kuta zilipakwa dawa ya wadudu. Alinieleza haya akitazama viatu vyake. Kisha akasema:

“Nimemwita mpaka rangi. Kesho anapiga nyeupe mbili, tunamaliza.”

“Mwanangu.”

Sijamwita hivyo tangu alipokuwa darasani.

“Nyeupe ilikuwapo,” nikasema. “Ndiyo iliyobanduka. Ukimwingiza mpaka rangi mle na brashi ya chuma, utakuwa umemwajiri Mtwanga wa pili.”

Baadaye nilimwona mwenyewe akipigilia ubao mlangoni, koti la suti likiwa sakafuni. Msumari wa tatu umejikunja, naye hakuung’oa.

Jumanne, 14 Mei

Nimemtembelea. Sasa anakula. Vidole vya miguu bado havisikii, na pengine havitasikia.

“Mwalimu, nimekuwa mtu wa thamani. Kila wakija wanachukua kitu changu kwenda kupima. Jana mkojo, leo nywele. Kesho watataka kivuli.”

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, sentensi tatu kamili. Akanikatiza katika ya pili.

“Haya, haya. Ukimaliza kuomba, nikusahihishe na mimi?”

Kwa idhini yake na ya daktari, nywele zake zinakwenda kwenye mashine pamoja na kikwaruo cha ukuta, chembe za rangi nilizokwarua kabla mlango haujapigiliwa ubao. Kipimo kinataka mtu wa kulinganishia, asiyetwanga. Nimeng’oa unywele wangu mmoja, mrefu, maana sijakata nywele tangu kufiwa, miaka kadhaa sasa. Nimeuosha kwa sabuni, kisha kwa spiriti, kama nilivyoosha zake.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua zimekatika. Faili zimekuja.

Kikwaruo cha ukuta ni yeye, asiyekuwapo. Nimemweka kabatini miongoni mwa rejea, nikarudia visima vyote, na masalio yote yamelala. Ripoti itakuwa mezani kwa Mkurugenzi Jumatatu.

Nywele za Mtwanga zimesema tulichotarajia.

Unywele wangu niliufungua mwisho, kama mtu anavyofungua mlango wa chumba anachojua ni kitupu. Mwale ulitembezwa juu yake kutoka kwenye shina hadi nchani. Nywele hukua kwa mwendo wake wa kila mwezi, kwa hiyo shina ni mwezi huu na ncha ni miaka iliyopita. Una pingili. Kwenye shina aseniki imesimama wima, kisha inashuka, kiangazi, kisha inasimama, kisha inashuka, inasimama. Mvua zote zimo, moja baada ya nyingine, mpaka unywele unapoishia.

Nilijiambia ni vumbi la nje. Hilo linapimika. Vumbi lingekuwa lile la kijani, lenye umbo lile ninalolijua kuliko sura za jamaa zangu. Aseniki iliyopita mwilini huwa na umbo jingine, kwa sababu damu huifunga ndani ya unywele kwa salfa. Nikaziweka rejea mbili, ukuta na mwili, nikaiachia kompyuta igawe.

Ukuta: hakuna. Mwili: yote.

Nikatoa kimoja kwa kingine. Masalio yalikuwa mstari mlalo, unaotetemeka kidogo, usiokuwa na umbo lolote. Ndio ulinganisho safi kuliko wote niliopata msimu huu.

Ukuta ule una pande mbili. Upande wa pili ndipo ninapoegemeza kiti changu, na mvua ikinyesha huwa nafunga dirisha ili karatasi zisilowe.

Nimempigia simu mdogo wangu. Alikuja na kanga, soda na teksi, tukaenda hospitali moja kwa moja. Daktari mwenye macho ya usingizi alitazama mchoro wangu na safari hii hakuuliza ni nini. Akanielekeza kwenye benchi la wanaongojea dawa.

Mtwanga alikuwa amekaa pale, fimbo mapajani, akingoja dozi yake ya alasiri.

“Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kunitazama au umekuja kupanga foleni?”

“Kupanga foleni,” nikamwambia.

Kisha akaiweka fimbo upande wa pili, akanisogezea nafasi.